Jibu la Lusubilo

Kabla hamjamwonea huruma Enesi, mjue kwanza alikuwa mwanamke wa namna gani. Alizaliwa Mbebe, kule Ileje, ambako mlima umesimama wima kiasi kwamba kuku asipotaga kwa uangalifu, yai lake huliwa na watu wa kijiji cha chini. Akaolewa na Jofrey, Mnyiha wa huku Nanyala, mkulima wa kahawa. Alikuja na ungo, kitabu cha nyimbo na mdomo. Ungo ulichakaa, kitabu kikaliwa na mchwa, mdomo ukabaki.

Walikaa miaka sita bila mtoto. Wa saba akaja binti, wakamwita Lusubilo, maana kwa kina Enesi hilo ndilo neno la tumaini. Tumaini lenyewe halikuwa na haraka. Lilichelewa kukaa, likachelewa kutambaa, na lilipoanza kutembea, watoto wa rika lake walikuwa tayari wanatumwa dukani na kurudi na uongo. Wazazi wakasubiri neno la kwanza. Jofrey alitegemea baba, Enesi alitegemea mama. Lusubilo akakaa kimya hadi alipotimiza miaka minne, ndipo siku moja Enesi alipomsogezea kijiko cha uji, mtoto akafumba mdomo, akaufumbua, akasema:

"Sitaki."

Enesi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja wakidhani kuna posa. Hakujua kwamba neno hilo moja litamtosha mtoto wake miaka kumi na moja.

Sitaki kuoga. Sitaki viatu. Sitaki shule. Alisema sitaki kwa baba, kwa mbuzi, kwa mvua. Watu wa Nanyala wanasema sitaki yake ilikuwa na nguvu hivi kwamba lori lililokuwa likienda Tunduma liliwahi kusimama lenyewe barabarani, dereva akashuka kuuliza amekosa nini. Hayo ni ya watu. Yasiyo ya watu ni kwamba alikaa darasa la kwanza miaka mitatu, dawati likamzoea, herufi zikakataa kumzoea. Muuguzi wa kliniki alimpima kwa upole, akasema mtoto hajarogwa wala si mkaidi wa kuzaliwa, ila akili yake inachelewa kushika mambo, na anayechelewa kuelewa hukataa kwa sababu kukataa ndiko anakokuweza. Enesi akarudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba mtoto amechelewa. Jofrey akauliza amechelewa wapi. Enesi akasema hata yeye hajui, ila basi halijaondoka.

Sasa, nyumba yao ilikuwa ya sala. Asubuhi waliimba, jioni waliimba, na katikati yake Lusubilo alikuwa chini ya kitanda akisema sitaki. Kina mama wa kanisani walikuwa na dawa mbili. Wa kwanza alimuuliza Enesi, umeshamwombea? Wa pili alimuuliza, umeshamchapa? Enesi akazitumia zote. Alimpeleka akaombewa na wazee wa kanisa, wakamwekea mikono, na Mzee Zebedayo, aliyekuwa na maombi marefu kuliko barabara ya Mpemba, akamwekea mkono karibu mno na mdomo. Kidole gumba kilivimba wiki nzima. Zebedayo alisamehe, lakini kila akisalimia kwa mkono kile kidole kilikumbuka.

Dawa ya fimbo Enesi aliitumia mwenyewe, kwa vijiti vya mkahawa, hadi wapita njia wakadhani shamba limepogolewa. Siku ya mwisho ya kumchapa alihesabu. Kila kijiti kilipotua, mtoto alisema sitaki, wala hakupiga kelele, alisema tu, kama mtu anayeitika jina lake. Vijiti kumi na vitano, sitaki kumi na tano. Aliyechoka ni Enesi. Alikwenda akakaa katikati ya mistari ya kahawa akalia hadi pindo la kanga likalowa, na alipoinua macho Lusubilo alikuwa amesimama pembeni akimshikia kijiti alichokuwa amekidondosha.

Toka siku hiyo hakumchapa tena. Akabaki na hofu moja tu: nikifa, huyu atakuwa wa nani?

Akaitafakari hofu hiyo akipalilia, akaitafakari akipika, akapata jibu. Huku kwetu aliyepata kipaimara hukaribia Meza ya Bwana. Asiyepata hubaki benchi la nyuma na watoto wadogo hata awe na mvi. Na watu wanaokula meza moja, alifikiri Enesi, hawawezi kumwacha mwenzao alale njaa. Mume angeweza kufa, yeye angeweza kufa, ndugu wangeweza kugombea shamba. Lakini Meza ingekuwepo. Mwanangu akifika pale, ana ndugu hadi Yesu arudi.

Lusubilo alipotimiza miaka kumi na mitano, Enesi alikwenda kwa Mchungaji Nikodemo. Mchungaji alikuwa mtu mwema, mwembamba, mwenye kikohozi. Akamjaribu mtoto kwa Amri Kumi. Lusubilo alishika moja, ile ya kutoiba, na hiyo akawa anawaambia mbuzi. Mchungaji akakohoa, akawaza, akasema amri tuziache, Mungu mwenyewe anazijua. Ajifunze tu kujibu maswali ya ahadi. Yako matano, na yote jibu lake ni moja: Ndiyo, kwa msaada wa Mungu.

Jibu moja! Enesi alitoka pale miguu haigusi ardhi.

Akaanza kazi. Alijifunga shuka jeupe shingoni likawa joho la mchungaji, akasimama nyuma ya kichanja cha kuanikia kahawa kikawa madhabahu, akaikunja sauti ikawa nzito, ya kutoka tumboni. "Lusubilo, binti wa Jofrey, simama. Je, unamkataa Shetani na kazi zake zote?"

"Sitaki."

"Humtaki nani?"

"Sitaki Shetani."

Jirani yao Fortunata, aliyekuwa akigeuza kahawa yake kwenye kichanja cha pili, alicheka hadi akashika mbavu, akasema hilo ndilo jibu la kweli kupita yote aliyowahi kuyasikia kanisani, na kwamba wengine wanasema wanamkataa na huku wamemwacha nyumbani akilinda chungu. Enesi alicheka naye. Fortunata ndiye aliyekuwa rafiki yake. Watu walimwita Mama Restuta, kwa jina la binti yake aliyekuwa akiuza nguo Tunduma mpakani na kumwachia mjukuu mdogo, Nathanaeli.

Lakini kitabu cha ibada hakikuandika sitaki. Kwa hiyo Enesi alikaanga maandazi. Jibu sahihi, kipande cha andazi. Jibu la sitaki, hakuna. Mwezi wa kwanza aliyenenepa ni Enesi, maana alikuwa akila vilivyobaki. Mwezi wa pili ikatoka Ndiyo. Mwezi wa tano ikatoka yote, polepole, mtoto amesimama wima, mikono ameikutanisha kifuani kama alivyoonyeshwa: Ndiyo, kwa msaada wa Mungu.

Enesi akagundua jambo. Akiikunja ile sauti, hata bila shuka, hata jikoni, Lusubilo alisimama na kujibu. Akajaribu. Lusubilo, binti wa Jofrey, je, utaoga? Ndiyo, kwa msaada wa Mungu, na mtoto akaenda akaoga. Je, utavaa viatu? Akavaa. Je, utakula mboga? Akala. Jofrey alirudi shamba akakuta binti anafagia uwanja kwa msaada wa Mungu, akakaa chini akavua kofia. Miaka kumi na moja walikuwa wakipigana na neno moja, na sasa limekwenda. Hawakujiuliza limekwenda wapi. Mtu akitolewa mwiba haulizi mwiba ulikoangukia.

Kabla ya Pasaka akapata kipaimara. Gauni jeupe alilishona Fortunata mwenyewe, bila malipo, na kwenye pindo akaweka lesi. Mchungaji Nikodemo aliuliza matano, Lusubilo akajibu matano, sauti yake ikasikika hadi kwa wauza parachichi barabarani. Hata Mzee Zebedayo alifuta jicho, kwa kidole kilekile. Siku ya Pasaka akakaribia Meza. Alipopokea mkate aliushika kwa mikono miwili, akauangalia kwanza, ndipo akala. Enesi aliona kila kitu. Alipofika nyumbani alimwambia Jofrey, sasa naweza kufa wakati wowote. Jofrey akasema avumilie kidogo, mavuno yanakuja.

Yakaja. Mwezi wa saba kila mtu alikuwa na mikono myekundu ya kahawa mbivu. Siku moja Enesi alikuwa juu kwenye mteremko, kwenye mashine ya kumenyea, na kutoka pale aliviona vichanja vyote viwili. Lusubilo alikuwa mwisho wa kichanja chao, ameinama, akichambua punje mbovu, kazi aliyoipenda kuliko chakula. Nathanaeli, mwenye miaka mitatu, alikuwa upande wa pili peke yake. Enesi alimwona akiparamia mguu wa kichanja kama mjusi. Alimpigia kelele. Mashine ilikuwa ikinguruma, kelele ikafia palepale. Mti wa kichanja ukavunjika, mtoto akaanguka juu ya jiwe.

Lusubilo aligeuka. Alimwendea, akamwinua, akamweka begani, akatembea naye hadi mlangoni kwa Fortunata. Hakukimbia, maana aliambiwa asikimbie na kahawa. Fortunata alipofungua mlango aliona mjukuu wake analia, mguu unaning'inia kama si wake, na aliyembeba ni Lusubilo, hasemi kitu.

Walimpeleka Vwawa wakamfunga plasta kuanzia paja. Fortunata alikaa hospitali siku nne, na siku nne ni nyingi kwa mtu aliye na swali. Aliporudi hakuja kwa Enesi. Alikwenda kwa Mzee Zebedayo.

Baraza la wazee lilikaa Jumapili baada ya ibada, ndani ya kanisa, mabenchi ya mbele. Mchungaji alikuwepo na kikohozi chake. Enesi alisimulia alichokiona, tangu mashine hadi jiwe. Fortunata, bila kumtazama, akasema mama yeyote angeona hivyohivyo. Ndipo Mzee Zebedayo akasema kwa nini tubishane na mhusika yupo. Akasimama. Akajivuta koti. Na sauti aliyoitoa, wapendwa, ilikuwa nzito, ya kutoka tumboni.

"Lusubilo, binti wa Jofrey, simama. Je, wewe ndiye uliyemwangusha Nathanaeli?"

Enesi aliuona mwili wa mwanawe ukinyooka. Aliiona mikono ikipanda kifuani na kukutana. Alitaka kupiga kelele lakini ilikuwa kama ile siku ya mashine.

"Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akageuza kicheko kikawa chafya. Fortunata alifunika mdomo kwa kanga. Enesi akaruka kutoka kwenye benchi akisema hapana, hapana, hilo ni jibu tu, hamwelewi, ni jibu tu. Zebedayo akainua mkono, na hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Alikuwa mtu anayeamini maneno.

"Mama Lusubilo," akasema, "mtoto amekiri kwa jina la Mungu. Wewe unakana kwa jina la nani?"

Fortunata akasema hataki fidia wala polisi. Anataka kulala usingizi. Msichana mkubwa asiyejua nguvu zake hawezi kukaa karibu na watoto. Apelekwe kwa shangazi yake, Momba bondeni, hadi atakapokuwa mtu. Wazee wakatikisa vichwa, wakaona ni neno la upole. Lakini Enesi alimjua huyo wifi yake. Alikwisha kusema mara mbili, bila kuona haya, kwamba kwake mtoto wa namna ile hufungwa kamba mguuni mchana kutwa asiende mtoni, na kwamba anazoea.

Hapo ndipo Enesi alipofanya jambo ambalo hadi leo akilikumbuka huacha kisu na kitunguu.

Alikwenda akasimama mbele ya mwanawe. Akaikunja sauti.

"Lusubilo, binti wa Jofrey. Je, wewe ndiye uliyelijenga kanisa hili?"

"Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

"Je, wewe ndiye mume wa Mama Restuta?"

"Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Wazee walianza kucheka. Walijizuia, wakashindwa, hata Zebedayo mabega yakatikisika. Lusubilo akaona watu wanafurahi, naye akafurahi, akasimama wima zaidi, akasubiri swali jingine kwa macho yanayong'aa, kama siku ile ya gauni. Na mama yake akampa.

"Je, wewe ni ng'ombe?"

"Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Kanisa lilicheka. Fortunata hakucheka. Alimtazama Enesi usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya jiwe, akaona aliyoyaona, akasema taratibu kwamba basi, inatosha, amenyamaza, mtoto abaki.

Ilikuwa imekwisha. Enesi alikuwa ameshinda. Alikuwa akimvuta Lusubilo mkono waondoke, ndipo Mchungaji Nikodemo, ambaye naye hakuwa amecheka, alipouliza bila kuinua kichwa.

"Mama Lusubilo. Na siku ile madhabahuni?"

Enesi akasimama.

"Aliponijibu mimi," akasema Mchungaji, "ilikuwa hivihivi?"

Kuna maswali mtu huulizwa na hana pa kupita. Akisema hapana, siku ile alijua, Zebedayo yupo pale na koti lake, atasema basi na leo amejua. Akisema ndiyo, anamwondoa mwanawe mezani kwa mdomo wake mwenyewe, ule mdomo aliotoka nao Mbebe, ambao haujawahi kukosa la kusema. Alitazama mabenchi. Aliiona kamba ya Momba.

"Hakujua, Mchungaji," akasema. "Nilimfundisha kwa maandazi."

Mchungaji alikohoa muda mrefu. Alisema, na kila mtu aliona kwamba inamuuma, kuwa Meza haitolewi kwa asiyejua anachoahidi, kwamba ni yeye aliyekosa kwa kufanya haraka, na kwamba Lusubilo atasubiri hadi aelewe. Hakusema lini. Lusubilo aliuliza kama kuna maswali mengine.

Mwezi uliofuata, wiki moja kabla ya Jumapili ya Meza, Enesi alijaribu kurudisha alichokiondoa. Alikaa na mwanawe jikoni akamwambia kwa sauti yake ya kawaida kwamba si kila swali lina ndiyo. Mtu akikuuliza jambo usilolifanya, kataa. Mtu akikuita usikotaka kwenda, kataa. Wewe ulikuwa hodari wa kukataa kuliko watu wote wa Songwe. Sema sitaki, mwanangu, hebu sema nisikie. Lusubilo alimsikiliza kwa makini sana, akasimama, akakutanisha mikono. Enesi akamwahi, akamziba mdomo kwa kiganja, wakakaa hivyo hadi ugali ukaungua.

Jumapili ilipofika Lusubilo aliamka kabla ya jogoo, akavaa gauni jeupe mwenyewe, vifungo vyote hadi juu, kimoja kimeruka tundu. Hakuna aliyemwambia ni siku ya Meza. Enesi alimtazama, akakosa namna ya kumvua. Kanisani alimketisha benchi la nyuma, upande wa ukutani, yeye akakaa upande wa njia. Watu wakaanza kwenda mbele, safu kwa safu. Jofrey alikwenda na kichwa chini. Fortunata alipita amembeba Nathanaeli na plasta yake, akasita penye benchi lao kama mtu aliyesahau kitu, akaendelea.

Lusubilo akasimama. Enesi akamshika mkanda wa gauni kwa nyuma.

"Kaa, mama," akamwambia, kama mtu anavyombembeleza mtoto wake kwa kumpa jina la mkubwa.

"Yesu anaita," akasema Lusubilo. Hakutumia ile sauti ya kujibu. Alisema chinichini, kwa maneno yaliyokuwa yakitafutana. "Aliniuliza. Nikamwambia ndiyo. Mimi najua, mama."

Enesi alihisi kanisa zima limepinda. Miaka kumi na mitano alikuwa akisubiri sentensi kama hiyo itoke katika mdomo ule. Angeweza kuinuka saa ileile, ampeleke mbele, aseme Mchungaji, sikiliza, anajua, alijua tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa sijui. Na Mzee Zebedayo alikuwa pale mbele ameshika sinia la mkate. Mtu anayeamini maneno. Kama alijua hapa, basi alijua na pale barazani.

Enesi hakuuachia mkanda.

"Hujui," akamwambia mwanawe sikioni. "Umesikia? Mtu akikuuliza, hujui."

Alijiandaa. Alikaza miguu, akangoja vita, akangoja ile sauti iliyosimamisha malori. Aliitaka. Kama Lusubilo angepiga kelele siku hiyo, kama angeng'ata, angerusha viatu, angelala chini katikati ya njia kama zamani, Enesi angemshukuru Mungu kwa magoti yake yote mawili.

Lusubilo alimtazama mama yake. Akalinyoosha gauni vizuri lisikunjamane, akakaa.